Namba ya LP00 haisomi dirishani: mzigo wangu wa Masasi uko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani, niko Masasi. Niliagiza lesi na zipu kutoka China kwenye duka la mtandaoni, nikachagua usafiri wa bei ya chini kabisa. Nilipewa namba inayoanza na LP00. Kwenye simu inaonyesha mzigo umeondoka China siku 23 zilizopita, kisha kimya. Nimeipeleka namba dirishani posta, nikaambiwa haisomi. Je, nimeibiwa? Safari nyingine nichague usafiri gani? Na nina mdogo wangu yuko Ujerumani, nataka kumtumia korosho kilo 2. Zipite njia ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako sioni dalili ya wizi. Naona namba isiyo ya posta imepelekwa posta, basi.

LP00 ni namba ya ndani ya Cainiao, kampuni ya usafirishaji ya kundi la Alibaba. Ni yao wenyewe, ya kuutambua mzigo wako ndani ya maghala yao. Yule wa dirishani hakukudanganya. Mashine yake inafahamu namba za posta tu, na namba ya posta ina umbo lake. Ni kama kwenda benki na namba ya kadi ya kliniki: namba ni ya kweli, lakini si ya pale.

Umbo lenyewe ni hili. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13 kwa jumla: herufi 2 mbele, tarakimu 9 katikati, herufi 2 nyuma. Mpangilio huu ni wa Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na ndiyo sababu namba iliyobandikwa Guangzhou inaweza kusomeka Dar es Salaam. Herufi za nyuma ni nchi ulikotoka mzigo: CN ni China, TZ ni kwetu, DE ni Ujerumani. Watu wengi huzikosea hizo. Wanaona CN wanadhani mzigo bado uko China, kumbe CN haibadiliki hata mzigo ukiwa umelala kabatini Masasi.

Herufi ya kwanza ndiyo yenye maneno. E ni EMS, huduma ya haraka. C ni kifurushi cha kawaida. R ni rejista. L ni pakiti ndogo ya kufuatiliwa. U ni pakiti ambayo posta haikuahidi kuifuatilia hata kidogo. Ile mistari myeusi juu yake imewekwa kwa ajili ya forodha tu. Ukiwa na namba ya U ukawa unaitazama kila asubuhi kabla ya uji, unajichosha.

Katikati ni tarakimu tupu, hakuna herufi. Ukiona duara pale katikati, ni sifuri, si O. Na tarakimu ya 9 haikuwekwa ovyo. Ni mlinzi wa zile 8 zilizotangulia. Jambo hili nililifurahia sana nilipofundishwa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Chukua 12345678. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 8, ya pili kwa 6, kisha kwa 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mfuatano huo. Utapata 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56. Jumla ni 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Basi namba kamili ni 123456785, na mashine ikiona imeishia na 7 inajua mtu amekosea kuandika. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Nimewahi kumsaidia mama mmoja aliyekuja na namba aliyoandikiwa na mwanaye kwenye kiganja kwa peni. Hesabu ilikataa. Tukabadilisha 1 moja ikawa 7, hesabu ikakubali, na mzigo ukaonekana pale pale.

Sasa rudi kwenye simu yako. Fungua ukurasa wa ile oda, shuka chini mpaka kwenye maelezo ya usafiri, tafuta kama kuna namba ya pili yenye umbo hilo la 13. Mara nyingi hutokea baada ya mzigo kukabidhiwa posta, na duka halikutumii ujumbe kukuambia. Ukiipata, iweke kwenye tovuti ya Shirika la Posta Tanzania, au ile ya 17TRACK ambayo inakusanya taarifa za posta nyingi kwa pamoja na inakubali hata LP00. Usipoiona namba ya pili popote, maana yake usafiri ule wa bei ya chini kabisa uliishia kufuatiliwa mpakani. Mzigo unakuja, ila unakuja kimyakimya, na utajua umefika siku utakapopata taarifa.

Hicho kimya ndicho kinachowatisha watu, kwa hiyo nikieleze vizuri. Simu yako haiuoni mzigo. Inachokiona ni mara ya mwisho mtu alipoupitisha kwenye mashine. Mzigo ukifika ofisi ya China inayokabidhi mizigo ya nje, unasomwa mmoja mmoja, kisha unatiwa kwenye mfuko pamoja na mingine, mfuko unafungwa na kutiwa lakiri. Kuanzia hapo hakuna anayegusa lesi yako. Kinachosafiri ni mfuko. Unaweza kukaa uwanja wa ndege ukisubiri nafasi, ukashushwa nchi ya tatu, ukapanda ndege nyingine, na kote huko hakuna anayekata lakiri ili aisome pakiti yako. Simu inaendelea kusema "imeondoka China" kwa sababu hilo ndilo jambo la mwisho lililoandikwa. Lakiri ikikatwa Dar es Salaam na pakiti ikasomwa, ndipo mstari mpya unatokea. Kwa mzigo wa bei ya chini, siku 23 za kimya cha namna hiyo hazinishtui. Maduka yenyewe huandika siku nyingi kuliko hizo pale unapobonyeza kulipa, ila huandika kwa maandishi ya sisimizi.

Mistari itakayofuata huja kwa Kiingereza, lakini mpangilio wake ni mmoja: umefika ofisi ya kupokelea ya nchi husika, umepelekwa forodha, umeshikiliwa forodha, umeachiliwa na forodha, umeondoka ofisi ya kupokelea, umefika ofisi ya kuchukulia, umekabidhiwa. Mzigo usiokuwa na tatizo hauwi na mstari wa kushikiliwa. Ukiwepo, usikae ukingoje ubadilike. Hapo wanataka kitu kutoka kwako: risiti ya manunuzi, maelezo ya kilichomo, au ushuru.

Ushuru wenyewe unahesabiwa hivi, kwa sababu wengi hushangaa wakidhani wamepigwa. Forodha haitazami bei ya bidhaa peke yake. Inajumlisha bidhaa, nauli na bima. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viko kwenye makundi ya asilimia 0, 10, 25 na 35, kutegemea ni bidhaa gani, na baadhi ya bidhaa zina viwango vyake maalumu. Juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 18, na hiyo inapigwa baada ya ushuru kuongezwa. Tuseme bidhaa ni ya shilingi 200,000 na nauli 40,000, jumla 240,000, na iko kundi la 25. Ushuru ni 60,000. VAT inapigwa kwenye 300,000, nayo ni 54,000. Hapo ni 114,000, na kuna tozo nyingine ndogo ndogo za forodha. Kwa hiyo kitu ulichokiona mtandaoni kwa 200,000 usikiwekee bei ya kuuza kabla hujakishika mkononi. Wapo mafundi waliokula hasara kwa kumtajia bibi harusi bei mapema.

Forodha ikishamaliza, inabaki njia ya kusini. Nasi watu wa huku tunaijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, na njia ya Masasi inachepuka pale Mingoyo, baada ya Lindi mjini. Mimi ni wa zamani, nakumbuka mifuko ya posta ikisubiri kivuko Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga wakati wa mvua kilikuwa habari nyingine kabisa. Siku hizi ni lami, lakini maji hayajasahau njia yake. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, na kila kitu kilichotoka Dar kwa gurudumu kilisimama, barua kwa nyanya. Kwa hiyo kama mzigo umeandikwa umeondoka Dar na ni kipindi cha mvua, sikiliza taarifa za barabara kabla ya kumlaumu mtu. Na muulize wa dirishani mfuko wa Masasi hufika siku zipi. Hilo swali dogo litakuokoa safari nyingi za bure. Kama mfuko unaingia Jumanne jioni, kwenda Jumatatu ni kufanya mazoezi ya miguu.

Kuhusu kuchagua safari nyingine. Maduka yanakupa majina ya kibiashara yasiyosema kitu, hivyo wewe uliza mambo mawili tu: namba itakuwa ya posta, na itafuatiliwa mpaka inapofika au mpaka inapoondoka? Kwa zipu na lesi za kujaza duka, zisizo na haraka, ule usafiri wa chini unafaa, alimradi umekubali moyoni kwamba hutaufuatilia. Mimi ningeongeza kidogo nikapata pakiti yenye namba ya L au R, kwa sababu tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda unazopanda kwenda posta kuulizia. Jua tu kwamba pakiti ndogo haizidi kilo 2. Ukivuka hapo unaingia kwenye kifurushi, nacho kina bei yake. EMS iache kwa vitu vyenye tarehe: vyeti vya shule, hati za kiwanja, kipuri ambacho bila hicho cherehani imelala na wateja wanakaribia kununa. Wapo wanaolipia EMS kwa kitu cha shilingi elfu kumi. Pesa ni yao.

Na kwa ndani ya nchi nitakuambia ukweli japo nimekula mshahara wa posta. Kitu cha kutoka Kariakoo unachokihitaji kesho, kisichovunjika na kisicho na thamani kubwa, weka kwenye basi la usiku, mpigie anayekipokea, maneno yamekwisha. Lakini basi linakupa kikaratasi cha mkono, na kikipotea mzigo nao una mashaka. Vyeti, pasipoti na kadi za gari usiweke kwenye buti la basi. Hivyo tuma kwa EMS ya ndani au rejista, ambapo kila anayepokea anasaini.

Halafu kuna anwani, ambayo ndiyo huchelewesha mizigo kuliko forodha na barabara kwa pamoja. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, kifurushi kilikaa wiki tatu rafuni kwa sababu kilikuwa na jina la utani la mwenyewe na namba ya simu iliyopungua tarakimu moja. Mwenyewe alikuwa akipita mbele ya mlango kila siku kwenda sokoni. Andika jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako cha taifa, maana ndicho utakachoonyesha kuchukulia. Si "Fundi Lesi", wala "Mama Fulani". Andika S.L.P. kama unayo, kama huna, omba ruhusa ya jamaa au ofisi yenye sanduku na uandike wazi kwamba ni kwa kupitia kwao. Simu ianze na +255, kisha tarakimu 9 bila sifuri ya mbele. Na pale wanapodai msimbo wa posta, usijaze 00000 kama wengi wanavyofanya. Tunao. Una tarakimu 5 na unakwenda kwa kata: mkoa wa Mtwara huanza na 63, Lindi huanza na 65. Ofisi ya kata yako au posta watakupa ulio kamili.

Jambo la haraka hapa katikati. Ukipata ujumbe kwenye simu unaosema mzigo wako umekwama, tuma elfu kadhaa kwa namba hii ya mtu binafsi, au bonyeza kiungo hiki, ufute. Ushuru hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, na jina la taasisi hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, acha hapo hapo. Matapeli hawajui kama una mzigo. Wanatuma kwa watu elfu, na katika hao lazima yupo anayesubiri lesi.

Sasa korosho za mdogo wako. Umesema kilo 2. Punguza ziwe kilo 1 na robo tatu. Sikupunjii, ni hesabu: ile kilo 2 ya pakiti ndogo inapimwa pamoja na boksi, karatasi na gundi yake. Korosho kilo 2 kamili ndani ya boksi zinavuka mstari na unatozwa kama kifurushi kwa sababu ya gramu mia za katoni. Nimeona watu wakifungua maboksi mbele ya kaunta na kuanza kutafuna ziada. Wengine hufurahi, lakini foleni haifurahi.

Tuma zilizobanguliwa na kukaangwa, kwenye mfuko uliofungwa vizuri usiopitisha hewa, kisha boksi gumu. Zile mbichi zenye maganda achana nazo: mazao mabichi yanaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa zawadi ya ndugu usumbufu huo hauna faida. Dirishani utajaza fomu ya forodha, CN22 kwa pakiti ndogo au CN23 kwa kifurushi. Usiandike "zawadi" ukaishia hapo, wala "chakula". Andika: korosho zilizokaangwa, uzito wake, thamani yake kwa fedha, na utie alama kwenye kisanduku cha zawadi. Maelezo haya huingizwa kwenye kompyuta na kutangulia Ulaya kabla ya mzigo, na maelezo ya mkato huurudisha mzigo au kuushikilia. Zawadi kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi ndani ya Umoja wa Ulaya haitozwi ushuru wala VAT ikiwa thamani haizidi euro 45. Korosho zako kwa bei ya Masasi hazifiki huko, kwa hiyo andika bei ya kweli bila woga. Na andika namba ya simu ya mdogo wako ya Ujerumani, pamoja na jina lililobandikwa kwenye mlango wake, kwa sababu kule mpeleka mizigo hutazama jina lililo kwenye kengele. Akiwa anaishi kwa mwenyeji, jina la mwenyeji liwepo.

Kwa njia, ningechagua pakiti ya rejista au ya kufuatiliwa. Ukiulizia EMS usishangae nauli ikizidi bei ya korosho zenyewe. Risiti utakayopewa ina ile namba ya 13 inayoishia na TZ. Ipige picha hapo hapo, umtumie mdogo wako, na risiti yenyewe uiweke pamoja na karatasi zako za maana, kwa sababu bila hiyo hakuna madai. Madai ya mzigo uliopotea hufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ile ya kutuma, na mahali penye nguvu ni posta ulikotumia, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayokuhusu kwenye lesi, ila imegeuka. Aliyeilipa posta ni muuzaji wa China, kwa hiyo mwenye nguvu ya kuuliza ni yeye. Wewe nguvu yako iko dukani. Angalia kwenye oda yako tarehe ya mwisho ya ulinzi wa mnunuzi. Ikiwa imebaki wiki moja na mzigo hujauona, omba muda uongezwe au ufungue madai ya kurudishiwa pesa, na usikubali muuzaji akikubembeleza "subiri kidogo tu, rafiki" mpaka tarehe ipite. Tarehe ikipita, hata mimi sina la kukusaidia.

Wiki hii fanya hivi. Tafuta ile namba ya pili. Ikiwepo na ikawa imeingia Tanzania, nenda nayo dirishani pamoja na kitambulisho. Isipokuwepo, nenda hata hivyo, lakini usitaje LP00. Mwombe aangalie kwenye pakiti zisizo na namba, kwa jina lako la kitambulisho na kwa simu uliyoandika. Na kama uliandika "Fundi Lesi", mwambie aangalie chini ya F.